Mashine ya Kumzikia Mama

Watu wa Kabiria, mtaa wa pembeni mwa Nairobi, husema Waceke hana machozi. Si kweli. Anayo kama mtu mwingine yeyote, ila huyaahirisha mpaka kazi iishe, na kazi yake haina mwisho. Yeye ni mpiga video wa harusi na mazishi. Amesimama kando ya makaburi mengi kuliko wachungaji wengine, jicho moja kwenye kamera, na vilio vya watu vimemzoesha kuwaza mwanga na sauti badala ya kuwaza kifo. Ndiyo maana mama yake alipofariki, wakati jamaa wakimiminika nyumbani na kukumbatiana mlangoni, yeye alikuwa mjini katika chumba chake cha kazi, juu ya maduka ya redio na spika, ameweka kompyuta mbili mezani ubavu kwa ubavu, akizipima ipi itafaa kumzikia mama.

Shangazi zake walisema ni moyo mgumu. Mwenye kusema hakosi la kusema. Waceke alikuwa na sababu, na sababu hiyo iliitwa Ciru.

Ciru ni mdogo wake, na wako wawili tu. Alikwenda Kanada kutunza wazee wa watu, na makaratasi yake ya kuishi huko yalikuwa bado hayajatoka. Akitoka kabla ya kuyapata hataruhusiwa kurudi, na asiporudi kazi ya miaka yote imekwenda na maji. Baba yao alipozikwa, Ciru alifuatilia kwenye simu ya binamu mmoja ambaye aliishika vizuri mpaka watu walipoanza kusukumana. Kuanzia hapo aliona viatu. Viatu vyeusi, viatu vya wazi, gambuti, ukingo wa hema, kisha mchungaji akaganda kinywa wazi, na alipoacha kuganda kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Hakumlaumu mtu. Ila mama alipofariki, jambo la kwanza alilosema kwenye simu, kabla hata ya kuuliza ilikuwaje, lilikuwa hili:

"Nataka kumwona mama akiingia. Usinipe viatu tena."

"Utaona kila kitu," Waceke akamjibu. "Nakuapia."

Kiapo ni deni, na Waceke si mtu wa kuapa ovyo. Alijua simu haitatosha. Ploti ya mama yao, ambako angezikwa, iko kwenye mteremko, na watu wakijaa pale mtandao wa simu hulemewa. Sauti hupita, picha hukwama. Lakini nyumbani kulikuwa na intaneti ya waya, nzuri tu. Kilichohitajika ni kompyuta ya kukusanya kamera tatu, moja hemani, moja njiani na moja kaburini, ichanganye picha zake na kuzirusha moja kwa moja hadi Kanada bila kusita. Na kazi hiyo huilemea hasa prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Waceke alikuwa na mbili za kuchagua.

Zote zilikuwa bibi na babu. Zilitoka kiwandani mwaka mmoja, miaka kumi na kitu iliyopita, zikawa za wenye nazo wa ng'ambo, kisha zikafika Nairobi baada ya wenye nazo kuzichoka. Ya kwanza, i7 ya namba 4790K, ilikuwa yake mwenyewe. Imemlisha na kumvisha. Ya pili, i7 ya namba 5820K, ilikuwa ya Mbugua, binamu yake wa Kileleshwa, ambaye kabla ya kuoa alikuwa mgonjwa wa michezo ya kompyuta na sasa amebaki na mashine kubwa iliyofunikwa kitambaa cha mkewe. Huwezi kutoa prosesa ya hii ukaipachika kwenye ile, kwa sababu hazikalii kiti kimoja. Unachukua mashine nzima ama unaiacha.

Ubongo wa namna hiyo umegawanywa viini, kila kiini na kazi yake. Ukitaka kuelewa, fikiria jikoni siku ya karamu. Ile ya Waceke ina wapishi wanne wenye mikono myepesi ajabu. Ile ya Mbugua ina wapishi sita wasio na papara. Kwa chakula cha mtu mmoja, wale wanne watapakua mapema. Kwa karamu ya kanisa zima, wale sita hawatazidiwa. Kisha kuna tofauti nyingine ambazo watu hawaziulizi dukani. Ile ya viini vinne ina uwezo wa picha ndani yake, hata ukiinyima kadi ya picha bado itakuonyesha kitu kwenye skrini. Ile ya sita haina. Ukiing'oa kadi, skrini ni giza tupu. Tena ile ya sita hula stima kama ng'ombe wa maziwa anavyokula majani.

Waceke hamwamini muuzaji, hauamini mtandao, na hajiamini mwenyewe mpaka ameona. Kila kompyuta inayoingia chumbani mwake huipa mtihani mmoja: video ya ruracio moja, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, akina mama wakiingia uani na vikapu mgongoni, wakicheza na kupiga vigelegele, mabega yanatikisika, shanga zinaruka. Hakuna kinachoivunja kompyuta dhaifu kama akina mama wa ruracio. Alizipa zote mbili picha hiyo kwa kamera tatu kwa pamoja.

Yake ilianza vizuri. Halafu akina mama walipokolea, feni ikapiga kelele na picha ikakatika vipande vya mraba, bega la huyu likaenda upande, kikapu cha yule kikabaki hewani. Akaitumia ile njia nyingine, ya kuukabidhi mzigo ule uwezo wa picha uliomo ndani ya prosesa. Haikukatika tena, lakini nyuso zikalainika kama zimepakwa mafuta ya mgando. Ungemjua mtu kwa kilemba chake, si kwa macho yake. Ile ya Mbugua, iliyokuja bila kadi ikapachikwa kadi kuukuu ambayo Waceke aliing'oa kwenye mashine yake mwenyewe, kadi isiyojua kazi nyingine ila kuonyesha picha, ilipita mtihani ule kimya kimya. Waceke aliiacha ikaendelea mpaka chai yake ikapoa, na haikudondosha hata picha moja. Aliona hata jino la dhahabu la shangazi wa bwana harusi.

Akakata shauri. Ciru angeuona uso wa kila mtu.

Mbugua alipita jioni ile akitoka ofisini, akasikiliza maelezo, akafurahi kwamba mashine yake imeshinda. Lakini Mbugua ana tabia ya kufurahi na kutia wasiwasi kwa pumzi moja. Akauliza habari ya stima. Waceke akamwonyesha UPS, ile betri ya dharura ya kuweka chini ya meza.

"Na hiyo yangu vile inakula, hiyo UPS itashika saa ngapi?" Mbugua akasema. "Wewe kodisha generator tu."

"Generator itaingia kwa sauti. Pasta anaomba, huku nyuma kitu inakohoa. Siwezi kumzika mama na hiyo kelele."

"Basi beba hata yako, ikae standby."

Waceke akakubali shingo upande, kumnyamazisha tu. Jenereta akaikataa kabisa, na kwenye kikao cha jamaa, watu walipoulizana kama ikodishwe, yeye ndiye aliyesema haina haja. Nani angebishana naye? Ndiye fundi. Mjomba mmoja alitaka tu kujua hizo mashine mbili zinapishana nini, akaambiwa moja ina nne na nyingine sita, akasema mbuzi sita ni wengi kuliko mbuzi wanne, hata kwa mahari jambo hilo halibishaniwi. Watu wakacheka kidogo, cheko la msibani, na mambo yakapita.

Hapa ndipo alipokosea. Alizipima mashine zile mjini, kwenye jengo lenye stima imara, na kuhusu prosesa hakuacha kitu. Ploti hakuipima, na ndiyo ploti alimozaliwa. Alijua kwamba waya ni mmoja tu kutoka kwenye nguzo, unaingia nyumba ya mama, kisha unasambaa kwenye vyumba vya kupangisha ambavyo mama yake aliviongeza safu baada ya safu kila alipopata mabati. Alijua, lakini mtu hakioni cha kwao. Hukiona siku kimemwangusha.

Wapangaji wenyewe walimpenda marehemu. Walimwita Shosho, kama mjukuu anavyomwita bibi yake. Aliwagombeza kwa televisheni za makelele na kwa maji machafu yanayomwagwa njiani, na usiku mke wa mtu akishikwa na uchungu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na tochi. Wengi wao walitoka mbali, Kitui, Makueni, Busia, na kwa wengine Shosho ndiye mzee pekee waliyekuwa naye hapa mjini. Siku ya mazishi hakuna aliyekwenda kazini. Jikoni walikataliwa, maana kulikuwa na wapishi wa kulipwa na akina mama wa kanisa wasiopenda mgeni kwenye sufuria zao. Basi Mercyline wa chumba cha mwanzo akajisemea, angalau maji moto hayakosi kazi msibani, ya chai, ya vyombo, ya wageni wa mbali. Akajaza ndoo, akatumbukiza koili ya stima ya kuchemshia maji, akachomeka. Mlango wa pili mwenzake naye akawaza vivyo hivyo. Na wa tatu. Hakuna aliyemwambia mwenziwe, kwa sababu kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyebuni wema huo.

Waceke alikuwa amejipanga kwenye stoo iliyo kando ya jiko la mama, chumba chenye dirisha dogo linalotazama kaburi. Mezani mashine ya Mbugua, sakafuni UPS ikishikilia mashine, skrini na kisanduku cha intaneti. Pembeni, mashine yake mwenyewe imekaa bila kazi kama mke mkubwa. Kamera ya kaburini aliishika Ivyne, rafiki yake wa kazi, mtu asiyetikisika hata mvua ikimnyeshea. Nyingine mbili zilikuwa kwenye miguu yake ya chuma.

Ibada ilikwenda vizuri mpaka Waceke akaanza kuogopa uzuri wake. Wasifu ukasomwa. Wajukuu wakaimba. Ciru alikuwa akituma ujumbe mfupi mfupi: namwona mjomba, amezeeka. Namwona Mbugua, amenenepa. Nawaona wote. Waceke aliusoma kila ujumbe na kifua chake kikalegea kidogo. Akaanza kuamini kwamba kiapo kitatimia.

Wabebaji waliinua jeneza hemani, na stima ikapotea.

Spika zilinyamaza katikati ya wimbo. Kwa muda waombolezaji waliendelea kuimba kwa mazoea tu, kisha sauti zikapwaya. Chini ya meza UPS ikaanza kulia, pi, pi, pi. Waceke akainama kuitazama. Ina vijistari vya mwanga vya kuonyesha betri iliyobaki, na kimoja kilizimika yeye akikitazama. Mbugua alisema kweli. Mashine ile ilikuwa inakunywa betri kama mtu aliyetoka jangwani.

Akazima kamera mbili akabaki na ya Ivyne. Akapunguza mwanga wa skrini mpaka ukawa kiza. Kijistari kingine kikazimika.

Mlangoni akatokea Mbithi, mpangaji, fundi wa stima, ameshakunja mikono ya shati la msiba. Akaeleza kwa haraka kwamba swichi kubwa imeanguka, ameirudisha, imeanguka tena, na akilazimisha ataunguza waya wote.

"Iko na load mob sana," akasema, akimaanisha waya umebebeshwa mzigo mwingi. "Watu wamewasha nini huko ndani?"

"Sijui, Mbithi. Tafadhali."

Akaondoka mbio kwenda kugonga milango. Waceke akachungulia dirishani. Jeneza lilikuwa limefika, linawekwa juu ya mikanda ya kuteremshia. Sasa hesabu ilikuwa wazi na ilikuwa mbaya. Akibaki na mashine ya viini sita akimsubiri Mbithi, huenda stima ikarudi na Ciru asikose kitu; au betri ikafa jeneza likiwa nusu ya njia, na Ciru akapewa giza kama alivyopewa viatu. Akihamia yake, isiyo na njaa kubwa, betri iliyobaki ingevuta zaidi, lakini lazima akate picha kwanza. Azime, ahamishe nyaya, awashe, asubiri. Na mama hangesubiri.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Akampigia Ivyne, aliyekuwa na kidude sikioni, akamwambia amnong'oneze mchungaji aongeze wimbo, aongeze na maombi, asimteremshe mama kwanza. Mchungaji akiombwa kurefusha hahitaji kuulizwa mara mbili. Akainua mikono, akaanzisha wimbo wa Kikuyu wenye beti nyingi, na watu wakaupokea kwa koo zao wenyewe bila spika. Waceke akaandika kwa Ciru: nakata kidogo, usiogope. Akazima.

Nyaya za nyuma ya kompyuta amezigusa maisha yake yote, hata gizani angezipata. Akachomoa waya wa kamera, akauingiza kwenye mashine yake. Akahamisha umeme. Akahamisha waya wa skrini, akausukuma mahali ambapo mkono wake umeuzoea, na mkono ukakuta tundu. Akasukuma tena. Tundu. Ubeti wa pili ulikuwa unaisha kule nje. Akadhani ameivunja, kisha akakumbuka kwamba kadi ile ameing'oa yeye mwenyewe kuipa ya Mbugua. Akapapasa juu kidogo, kwenye mlango wa picha wa mashine yenyewe, ule ambao hajawahi kuutumia tangu ainunue. Waya ukaingia. Skrini ikapepesa, ikawaka.

Aliutumia ule uwezo wa ndani, ule wa kulainisha nyuso, kwa sababu hakuwa na wa kuchagua. Picha ikaanza kwenda. Kijistari cha UPS kilichobaki kilikuwa kimoja, lakini kilikaa. Simu ikalia hapo hapo.

"Nawaona," Ciru akasema. "Iko na ukungu, lakini nawaona. Naona sanduku."

Waceke akamwashiria Ivyne kutoka dirishani, Ivyne akamtazama mchungaji, na mchungaji akafunga wimbo. Mikanda ikalegezwa. Jeneza likashuka taratibu, upande wa kichwani ukitangulia kidogo, vijana wakalisawazisha, likaendelea kushuka mpaka likatoka machoni. Kwenye simu Ciru alikuwa analia bila kuficha. Waceke hakuwa analia. Jicho moja lilikuwa kwenye skrini na la pili kwenye kijistari, na moyoni alikuwa anasema asante, asante, asimalizie asante ni ya nani.

Mchungaji akasema maneno ya mavumbi kwa mavumbi. Kisha msimamizi wa shughuli, kwa sauti iliyokwisha kukauka, akawaita watoto wa marehemu waje kutupa mchanga kwanza, kama ilivyo desturi, kabla ya wajukuu na ndugu na majirani.

Hakuna aliyekuja.

Watu wakatazamana. Msimamizi akaita tena. Mjomba wa mbuzi sita akageuza shingo akaitazama stoo. Pale mbele, kwenye ukingo wa kaburi, palibaki nafasi tupu ya watu wawili, na kamera ya Ivyne ilikuwa imeielekea nafasi hiyo moja kwa moja.

"Mbona hakuna mtu hapo mbele?" Ciru akauliza. "Wewe uko wapi?"

"Niko hapa kwa mashine. Nikitoka na ikate, hakuna mtu wa kuirudisha."

Ciru akaacha kulia.

"Waceke. Mimi siwezi kwenda. Wewe unaweza, na umekaa?"

"Nilikuapia utaona kila kitu."

"Sasa nimuone nani? Wageni? Mama hana mtoto hapo. Kata simu uende."

Kuna maneno ambayo mtu huyajibu na kuna maneno ambayo humwinua kitini. Waceke aliiweka simu mezani. Alitoka mlangoni akiwa na aproni yake ya kazi, ile yenye mifuko ya betri na vitambaa vya kufutia lenzi, watu wakampisha, na mtu fulani, hakujua ni nani, akamgusa mgongo.

Alikuwa nusu ya njia aliposikia UPS ikibadilisha mlio. Pi, pi, pi ikawa mlio wa haraka haraka usio na nafasi. Aliujua vizuri. Ni mlio wa mwisho, wa kukuambia okoa unachoweza. Angerudi, angeizima skrini, na labda Ciru angepata dakika moja zaidi. Miguu yake ilisimama yenyewe. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hii, mlio ule haukuwahi kumwita asiende. Alisimama pale, kati ya mashine na kaburi, na watu wote wakimtazama hawakujua anasikiliza nini.

Akaendelea mbele. Mlio ulimfuata.

Alipofika kwenye lundo aliinama, na nyuma yake stoo ikawa kimya, betri imekwisha. Ndipo akaliona jeneza kwa macho yake, bila skrini, bila fremu, dogo kuliko alivyodhani. Goti likagusa udongo. Kilio kilimtoka kikubwa, kibaya, kisicho na mpangilio, kilio cha mazishi yote aliyoyapiga picha, na shangazi zake waliomwita mwenye moyo mgumu wakaja kumshika kila mmoja upande wake. Hakuwaruhusu wamwondoe mpaka amalize.

Stima ilirudi wakati watu wanapanda maua juu ya kaburi. Mbithi alikuwa amepita mlango hadi mlango akichomoa koili, na akina mama wa ploti walisimama kwenye baraza zao vichwa vimeinama, Mercyline akilia kuliko wote, akirudia kwamba alitaka tu maji yasikosekane. Waceke aliwaendea mmoja mmoja. Hakuwa na hasira nao hata kidogo. Kama ni hasira, alikuwa nayo kwa yule fundi hodari aliyekataa jenereta kwa sababu ya kelele. Maji yale yalikuwepo, ndoo kwa ndoo, na wageni walinawa mikono yao kwa maji ya moto mpaka wa mwisho.

Alasiri, hema lilipokuwa linafunguliwa, alikaa kwenye ngazi ya jiko akampigia Ciru. Akaanza na kuomba msamaha, akaeleza habari ya betri, na ya kadi, na kwamba ile ya viini sita ingefaa kama yeye angekubali jenereta, na kwamba kama angeanza na ile ya nne tangu asubuhi betri ingetosha. Ciru akamkatiza kwa upole.

"Nilikuona ukitoka. Nikakuona umefika, umeinama. Halafu ikaisha."

"Iliishia hapo?"

"Hapo. Sasa niambie."

"Nikuambie nini?"

"Yenye ilifuata. Yote."

Waceke akafuta pua kwa kitambaa cha lenzi. Kama angebaki stoo, asingekuwa na la kumwambia, maana skrini ilizimika kwake kama ilivyozimika kwa Ciru. Akamwambia mchanga ulikuwa mwekundu na wa baridi, umeshikana kidogo kwa sababu ya mvua ya juzi, na ilibidi auvunje kwa vidole. Akamwambia shangazi mkubwa alikuwa ananukia Vicks. Akamwambia alitupa konzi yake, kisha akainama tena akachukua nyingine.

"Hiyo nyingine ya nini?"

"Yako. Nilisema, Mama, hii ni ya Ciru."

Uani vijana walikuwa wanapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine.

"Ilitoa sauti?" Ciru akauliza.

"Ilitoa. Yangu ilianguka pembeni kwa mchanga. Yako iligonga sanduku kabisa. Kila mtu alisikia."

Ciru akavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetua mzigo.

"Basi nilifika," akasema.